Ufa Uliopangwa: Nusu Karne ya Teknolojia ya Vijijini Arusha

Mtambo wa biogesi huuawa na ufa. Umejengwa kwa matofali na saruji, umefukiwa ardhini kando ya banda la ng'ombe, na ndani yake samadi iliyochanganywa na maji inaoza bila hewa na kutoa gesi ya kupikia. Ukuta ukipasuka chini, kwenye tope, hasara yake ni ndogo, maana tope zito huziba tundu lenyewe. Ukipasuka juu, mahali gesi inapokusanyika, mtambo umekwisha. Gesi hupenya hata pale maji yasipopita, na mama mwenye nyumba huona tu moto wa jikoni ukizidi kunywea, mpaka siku anaporudi kwenye kuni.

Wahandisi na waashi waliofanya kazi Arusha katika miaka ya 1980 walilipatia tatizo hili jibu la kushangaza. Waliacha kuhangaika na ukuta usiopasuka kabisa, wakaamua wao wenyewe mahali utakapopasukia. Chini ya chumba cha gesi walizungusha mstari mmoja wa matofali yaliyounganishwa kwa udongo wa chokaa na saruji kidogo, dhaifu kwa makusudi. Juu ya mstari huo waliweka mkanda imara wa zege. Ufa ukianzia kwenye msingi hupanda hadi kwenye ule mstari dhaifu, hukata kona, na kuzunguka kwa ulalo ndani ya eneo la tope ambako hauwezi kumdhuru mtu. Chumba cha gesi kinabaki kimekaa juu ya mkanda wake, kizima.

Ubunifu huo ulitoka katika taasisi ya umma ambayo Watanzania wengi hawaijui kwa jina refu, Kituo cha Zana za Kilimo na Teknolojia Vijijini. Wanaoijua huiita CAMARTEC. Haijawahi kujenga daraja wala bwawa, na picha zake hazipambi noti. Kazi yake tangu mwanzo imekuwa jembe, plau, mkokoteni, kinu, pampu ya kisima na jiko, yaani vile vitu ambavyo familia ya mkulima huvishika kila siku ya maisha yake. Kwa sababu hiyo historia yake inastahili kusimuliwa kwa uzito uleule wa historia ya reli na viwanda vikubwa. Kituo hiki kilifaulu kila kilipomkabidhi fundi wa kijijini ujuzi wote, na kilikwama kila sampuli nzuri ilipobaki uani kwake.

Kabla ya CAMARTEC palikuwa na Tengeru. Mji huo mdogo wa mashariki mwa Arusha, uliowahi kuwa kambi kubwa ya wakimbizi wa Kipolandi wakati wa Vita Kuu ya Pili, ulipata katika miaka ya 1950 kitengo cha kupima mashine za kilimo cha Tanganyika. Kilijulikana kwa herufi zake, TAMTU. Somo la wakati huo lilikuwa bado bichi. Kati ya 1947 na 1951 serikali ya Uingereza ilikuwa imemwaga mamilioni ya pauni katika mradi wa karanga wa Kongwa, Urambo na Nachingwea. Waliokuja kuufanya walileta matrekta yaliyotumika vitani, na mengine yaliyoundwa kutokana na vifaru. Mizizi ya vichaka vya Kongwa iliyavunja, udongo wenye mchanga mkali uliyatafuna majembe yake, na kiangazi kiliufanya udongo huo uwe mgumu kiasi kwamba karanga zenyewe hazikuchimbika. Mradi ulikufa. Kama kuna mahali duniani palipoonyesha gharama ya kuleta mashine bila kuijaribu kwanza kwenye ardhi yenyewe, ni Kongwa.

Kazi ya kupima basi ilikuwa na maana. Mashine inaletwa, inafungwa shambani, inalimishwa siku nyingi, mafuta yanapimwa, vipuri vinavyokatika vinaandikwa, kisha mkulima anaambiwa ukweli kabla hajatoa fedha zake. Lakini enzi za ukoloni mkulima aliyefikiriwa zaidi alikuwa yule mwenye shamba kubwa na uwezo wa kununua trekta.

Uhuru ulibadili swali. Mwalimu Nyerere alirudia mara nyingi katika hotuba zake kwamba nchi haina fedha za kumpa kila mkulima trekta, wala mafundi wa kuyatengeneza matrekta hayo yakiharibika, na kwamba hatua ya kwanza kutoka kwenye jembe la mkono ni maksai na plau. Baada ya Azimio la Arusha la 1967 hoja hiyo ikawa sera. Kiwanda cha Ubungo cha zana za kilimo, kilichojengwa kwa msaada wa China, kikaanza kufyatua majembe na plau. Watu wa Tengeru nao wakageukia ng'ombe.

Hapo ndipo jina la George Macpherson linapoingia. Mtaalamu huyu alifanya kazi na vijiji vya ujamaa mwanzoni mwa miaka ya 1970, na mwaka 1975 Tanzania Publishing House ilimchapishia kitabu kuhusu hatua za kwanza za kutumia zana bora kijijini. Wazo lake lilikuwa rahisi kulieleza na gumu kulitekeleza: mkokoteni wa kijiji uundwe kijijini, na watu wa kijiji, kwa mti wa kijiji. Ekseli na magurudumu ya gari bovu ndiyo yaliyokuwa yakitumika mahali pengi, lakini ekseli hizo zilikuwa chache na bei yake ilipanda kila mwaka. Kwa hiyo gurudumu likawa la mbao. Hata beringi ikawa ya mbao: kipande cha mti mgumu, kikatobolewa, kikalowekwa katika mafuta ya moto mpaka yakaingia ndani, kisha kikafungwa kuzunguka ekseli. Kikilika, seremala wa jirani anachonga kingine.

Beringi ya mti kwa macho ya leo inaweza kuonekana kama umaskini uliopewa jina zuri. Hukumu hiyo haina haki. Beringi ya chuma ilitaka fedha za kigeni, ilitaka duka mjini, na ilitaka usafiri wa kuifuata, na kijiji chenye mkokoteni uliosimama kwa kukosa beringi kilirudi kubeba mahindi kichwani. Waliobeba kichwani walikuwa wanawake. Kila mkokoteni uliotembea uliwatua mzigo, na ile beringi ya mti ilitembea.

Miaka hiyo ilikuwa pia ya kuanzisha taasisi. Mwaka 1973 Bunge lilipitisha sheria ya kuunda SIDO, shirika la viwanda vidogo, na mwaka huohuo Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kikafungua kitivo chake cha uhandisi, kwa hiyo kwa mara ya kwanza wahandisi wangeweza kufundwa nchini. TIRDO ilifuata mwaka 1979 kwa utafiti wa viwanda. TEMDO, kwa usanifu wa mitambo, ilizaliwa kwa sheria ya 1980 na kuweka makao yake Arusha. Huko Kibaha jeshi lilikuwa na mradi wake wa magari wa Nyumbu. Na mwaka 1981 sheria nyingine ikaunganisha kitengo cha Tengeru na mradi wa teknolojia mwafaka uliokuwa ukiendeshwa mkoani Arusha. Muungano huo ndio CAMARTEC. Sheria ilikipa kituo kazi tatu ambazo kila moja ingetosha taasisi nzima: kubuni zana na teknolojia za vijijini, kuzijaribu na kuzisambaza, na kupima mashine za kilimo zinazotengenezwa nchini au kuingizwa kutoka nje.

Hakuna wakati mbaya zaidi uliopata kuchaguliwa kwa kazi hiyo. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikuwa imevunjika mwaka 1977. Vita vya Kagera vya 1978 na 1979 vilikuwa vimekausha hazina. Bei ya mafuta duniani ilikuwa imepanda tena, na bati, nondo, misumari, hata sabuni vilipatikana kwa kibali au kwa foleni. Kituo cha kubuni mashine kilizaliwa katika nchi isiyokuwa na chuma cha kuzitengenezea.

Pengine ni shida hiyohiyo iliyokisukuma kuelekea kwenye samadi.

Biogesi haikuwa ngeni Tanzania. India ilikuwa imeshaieneza kwa muda mrefu kupitia mtambo uliobuniwa na Jashbhai Patel katika miaka ya 1950: shimo lililojengwa kwa matofali, na juu yake pipa kubwa la chuma lililofunikwa kifudifudi, ambalo hupanda gesi inapojaa na kushuka inapotumika. SIDO iliuchukua muundo huo na kuanzia mwaka 1975 hadi 1984 ikajenga mitambo kama 120 sehemu mbalimbali za nchi. Uzuri wa pipa ni kwamba mwenye nyumba anaiona gesi yake: pipa liko juu, chakula kitaiva. Ubaya wake ni chuma. Pipa lilikuwa ndilo sehemu ghali kuliko zote, lilitakiwa kupakwa rangi kila mara, na katika unyevu na asidi ya tope lilishika kutu na kutoboka. Katika nchi inayopanga foleni kupata bati, pipa lililotoboka halikupata mbadala.

Mwaka 1983 CAMARTEC ilianzisha huduma ya ugani wa biogesi kwa ushirikiano na shirika la misaada la Ujerumani Magharibi, GTZ. Eneo lililochaguliwa kwanza lilikuwa miteremko ya Meru na Kilimanjaro, na uchaguzi huo ulikuwa wa busara. Huko ardhi imebana. Familia inaishi ndani ya kihamba chake chenye migomba na kahawa, na ng'ombe hawatoki kwenda malishoni: wamefungwa bandani, majani wanaletewa kichwani. Samadi yote iko mahali pamoja. Maji yapo, mifereji ya asili inashuka kutoka mlimani. Na kuni hazipo, kwa sababu msitu uliobaki ni hifadhi. Mahali ambapo mambo haya manne yanakutana, mtambo wa biogesi una sababu ya kuwepo.

Hesabu yake inaeleweka na mtu yeyote anayefuga. Kilo moja ya samadi mbichi ya ng'ombe hutoa gesi kiasi cha lita 40. Ng'ombe wawili au watatu wa bandani wanaweza kutoa kilo 30 hadi 40 kwa siku, na gesi yao inapita mita moja ya ujazo, ambayo inatosha kupika milo ya familia ya kawaida. Samadi inachanganywa na maji kiasi sawa, inakorogwa mpaka iwe uji, inamiminwa kwenye bomba la kuingilia. Ndani ya kuba, bakteria wasiotaka hewa huila kwa wiki kadhaa. Zaidi ya nusu ya wanachotoa ni methani, gesi inayowaka kwa moto wa buluu usio na moshi wala masizi.

Badala ya pipa la Kihindi, wataalamu wa Arusha walichukua kuba lisilosogea, ambalo China ilikuwa imelieneza vijijini kwa mamilioni katika miaka ya 1970. Kuba halina kipande cha chuma kinachoweza kuoza. Gesi ikizalishwa inajikusanya juu na kulisukuma tope litoke kuelekea chumba cha pembeni. Gesi ikifunguliwa jikoni, tope linarudi na kuisukuma gesi kwenye bomba. Hakuna injini, hakuna pampu, uzito wa tope ndio unaofanya kazi. Lakini kuba linamdai mwashi kitu ambacho nyumba ya kawaida haimdai: ukuta usiopitisha gesi. Plasta inapigwa tabaka kwa tabaka, kila tabaka likisuguliwa kabla halijakauka, na kosa la nusu saa linaweza kuupoteza mtambo wote. Mitambo mingi ya aina hiyo barani Afrika ilikuwa imeshindwa hapohapo.

Ule mstari dhaifu na mkanda wake imara ndivyo vilivyolipa kuba nafasi ya kuishi. Vilimpunguzia mwashi mzigo: badala ya kuhakikisha jengo zima halipasuki, anatakiwa kuhakikisha sehemu moja tu ya juu imeshika gesi, na ramani yenyewe inamkinga dhidi ya nyufa za chini. Mwaka 1991 Ludwig Sasse, Christopher Kellner na Ainea Kimaro walichapisha kitabu kilichoueleza mtambo huo kipimo kwa kipimo, ili mtu yeyote aweze kuujenga. Majina mawili ya Kijerumani na moja la Kitanzania kwenye jalada moja, na mtambo wenyewe ukabeba jina la kituo: kitaalamu unaitwa muundo wa CAMARTEC hadi leo.

Jina hilo likasafiri. Programu za biogesi za Kenya na Uganda ziliuchukua muundo huo na kuurekebisha kulingana na hali zao, na mtambo unaojulikana Kenya kama KENBIM una asili yake katika mchoro wa Arusha. Ni nadra sana kwa taasisi ya umma ya Afrika Mashariki kutoa usanifu ambao majirani wanauchukua kwa sababu tu unafanya kazi. Tanzania imejivunia mambo madogo kuliko hilo.

Waashi ndio waliofanya yawezekane. Huduma ile ya ugani haikuishia kuchora. Mafundi walifundishwa shimoni, mikono yao ikiwa kwenye saruji, na ujuzi ukawa wao. Mwashi aliyejenga mitambo kumi hahitaji tena kuuliza Arusha. Anajua udongo wa kwao, anajua matofali ya nani yameiva vizuri, na mteja akimpigia kelele kwamba gesi haitoki anakuja na bomba jembamba la plastiki lililotiwa maji, analiunganisha na mfumo, na kwa kuangalia tu maji yalivyosimama anajua kama tatizo ni kuvuja au ni ng'ombe kukosa majani. Ujuzi wa namna hiyo haufi bajeti ya serikali inapokatwa.

Na bajeti ilikatwa. Kuanzia mwaka 1986, nchi ilipokubaliana na Shirika la Fedha la Kimataifa, mashirika ya umma yakawekwa kwenye mizani. Mwaka 1992 iliundwa tume ya kurekebisha mashirika hayo, na mamia yakauzwa, yakaunganishwa au kufungwa. Taasisi za utafiti na usanifu hazikuuzika, maana hazikuwa na faida ya kumvutia mnunuzi, lakini zilibaki na mishahara na umeme tu. Lathe zilizoletwa miaka ya 1980 zilizeeka mahali zilipo. Wahandisi vijana waliona wenzao wa migodini na wa kampuni za simu wakilipwa mara nyingi zaidi. Karakana yenye uwezo wa kutengeneza mashine ya kupukuchua mahindi ilitengeneza mageti ya watu ili ijiendeshe. Yaliyotokea hapo yaliigharimu nchi zaidi kuliko ilivyookoa, kwa sababu mhandisi aliyeondoka aliondoka na miaka kumi ya majaribio kichwani mwake.

Wakati huohuo mfano mwingine ulikuwa ukiendelea nje kidogo ya uzio wa kituo, nao unafaa kuangaliwa kwa makini. Katikati ya miaka ya 1980, mkoani Arusha, mhandisi Mmarekani Carl Bielenberg aliunda mashine ya mkono ya kukamua mafuta ya alizeti ndani ya mradi wa vijijini ulioungwa mkono na mashirika ya Kilutheri. Mashine za mkono zilizokuwapo zilikuwa nzito na ghali, zikitumia skrubu kubwa. Yake ilitumia mkono mrefu wa kusukuma na pistoni nyembamba inayobana mbegu kidogo kidogo kwa nguvu nyingi, na mafuta yalitoka pembeni kupitia nafasi za chuma. Karakana ndogo zilizo na mashine ya kuchomelea na lathe ziliweza kuitengeneza. Ikaenea Tanzania, kisha nchi nyingine za Afrika. Baadaye, umeme ulipofika na bei ya injini iliposhuka, Singida na Dodoma zikahamia kwenye mashine kubwa za umeme, na mashine ya mkono ikapungua. Hilo si anguko lake. Iliwafundisha watu kwamba mbegu ya alizeti ina soko la mafuta hapohapo kijijini, na mashine kubwa zikakuta wateja wameshaandaliwa.

Ukilinganisha mashine ile na mtambo wa biogesi, sababu ya vyote viwili kuenea ni moja. Mtu wa kawaida mwenye karakana au mwiko aliweza kuvitengeneza, kuviuza na kuvirekebisha, na alipata riziki kwa kufanya hivyo. Kwa upande mwingine, uani mwa taasisi nyingi za teknolojia nchini pamewahi kuonekana vipandio, mashine za palizi na matrekta madogo yaliyobuniwa kwa akili nyingi, yakapelekwa kwenye maonyesho ya Nanenane, yakapigiwa makofi na waziri, yakarudi nyumbani kwenye lori. Hakuna aliyekuwa amepewa kazi ya kuyatengeneza kwa mamia. Ubunifu ulikuwa umelipiwa. Kiwanda, mkopo na vipuri havikuwa vimelipiwa. Kwa nchi ya wakulima hilo ni jambo la kuumiza, na limedumu muda mrefu mno.

Mwaka 2009 yalitokea mambo mawili yaliyokigusa kituo kwa namna tofauti. La kwanza ni Kilimo Kwanza, tamko lililotaka kilimo kipewe nguvu ya mashine. Matrekta madogo ya kuongozwa kwa mikono, maarufu kwa jina la pawatila, yaliingia nchini kwa wingi na kugawiwa wilayani. Mashine hizo zilibuniwa Asia kwa ajili ya majaruba ya mpunga yenye maji. Kwenye mpunga wa Kapunga au Moshi Chini zilifanya kazi ya kusifika. Kwenye udongo mkavu wenye mawe ziliruka, zilichosha watu, zikaegeshwa chini ya miti. Upimaji ule wa tangu Tengeru ulikuwa umewekwa kisheria kwa ajili ya hali ya namna hii hasa, lakini kwa miaka mingi mashine ziliingia bandarini bila mtu kulazimika kupita Arusha kwanza.

Jambo la pili lilikuwa la furaha. Mwaka huohuo Tanzania ilianzisha programu ya kitaifa ya biogesi ya majumbani, sehemu ya ushirikiano wa nchi kadhaa za Afrika uliofadhiliwa na serikali ya Uholanzi, na CAMARTEC ikateuliwa kuiendesha. Muundo wa zamani ulipunguzwa. Mitambo ya miaka ya 1980 ilianzia mita 12 za ujazo na kufika 50, ikifaa mashamba makubwa, shule na misheni. Mitambo mipya ilianzia mita 4 na kuishia 13, ikifaa familia yenye ng'ombe wawili. Mafundi mamia walipewa mafunzo, wengine wakaanzisha kampuni zao ndogo za ujenzi. Mkulima alipata ruzuku kwa sehemu ya gharama, na sehemu iliyobaki alichanga mwenyewe, mara nyingi kwa kuchimba shimo na kusomba mchanga. Hadi mwisho wa 2013 ilikuwa imejengwa mitambo zaidi ya 8,000. Kutoka 120 ya mapipa hadi 8,000 ya makuba.

Katika nyumba zilizopata mitambo hiyo mabadiliko ya kwanza yalikuwa ya macho na kifua. Jiko la kuni ndani ya chumba kisicho na dirisha linajaza moshi mapafu ya mama na ya mtoto aliyefungwa mgongoni, na magonjwa yatokanayo na moshi huo ni miongoni mwa wauaji wakubwa wa wanawake na watoto barani. Gesi ya samadi haina moshi. Faida ya pili haikutarajiwa na wengi: tope linalotoka kwenye mtambo limeshameng'enywa, harufu yake imepungua, nzi hawalipendi, na virutubisho vyake viko tayari kwa mmea. Kwenye migomba ya Kilimanjaro wapo wakulima waliosema wazi kwamba wanauthamini mtambo kwa ajili ya tope kuliko kwa ajili ya moto.

Kisha ruzuku ikaisha, na baadhi ya mitambo ikazimika. Sababu zake zinajulikana. Familia iliuza ng'ombe ili kulipa karo au matibabu, na mtambo usio na ng'ombe ni shimo. Vijana waliokuwa wakikoroga samadi asubuhi walihamia mjini. Vali ilivuja, jiko lilishika kutu, na fundi aliyejenga alikuwa amehamia kwenye ujenzi wa nyumba kwa sababu oda za biogesi zilikuwa zimekauka. Mahali pengine maji yalikuwa mbali tangu mwanzo, na mtu aliyelazimika kuchagua kati ya ndoo ya mtambo na ndoo ya kunywa hakuwa na la kuchagua. Kuba lenyewe, mara nyingi, lilikuwa bado zima.

Tatizo la maji lilishughulikiwa kihandisi. Programu ilitengeneza aina nyingine ya mtambo unaokula samadi nzito, yenye maji kidogo zaidi, kwa ajili ya wafugaji wa maeneo makavu. Umuhimu wake unaonekana ukitazama takwimu za mifugo: Tanzania ina ng'ombe zaidi ya milioni 36, na wengi wao hawako kwenye vihamba vya Kilimanjaro. Wako Shinyanga, Simiyu, Tabora, Manyara, wanatembea mchana kutwa na kulala zizini usiku. Samadi ya usiku peke yake ni mali kubwa, na ndiyo inayowezekana kukusanywa.

Mei 2024 serikali ilizindua mkakati wa miaka kumi wa nishati safi ya kupikia, unaolenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati hiyo ifikapo 2034. Idadi kubwa ya kaya bado zinapikia kuni na mkaa, kwa hiyo lengo hilo ni kubwa kwelikweli. Hadi sasa mtungi wa gesi ndio uliotangulia mbele, na inaeleweka: unagawiwa kwa mkupuo, unawaka siku hiyohiyo. Lakini mtungi ukiisha unadai fedha taslimu kila mwezi, na gesi yake hutoka ng'ambo kwa meli. Samadi haitoki ng'ambo. Kwa mfugaji wa bandani hesabu ya miaka kumi iko upande wa kuba, ilimradi fundi awepo.

Taasisi nazo zimebadilika. TEMDO, jirani wa CAMARTEC pale Arusha, imepata wateja kwa kutengeneza vitanda vya hospitali, viteketezi vya taka na majokofu ya kuhifadhia maiti, vitu ambavyo serikali yenyewe inavinunua. Fikra ya kuziunganisha taasisi hizi za teknolojia ili ziwe na nguvu moja imezungumzwa mara nyingi. Inaweza kuwa na faida katika karakana na vipimo. Hatari yake ni kwamba kinachouzika kwa serikali kitatangulia, na mkulima, ambaye hana zabuni ya kutangaza, atarudi nyuma ya mstari.

Kwa sasa upimaji wa mashine unabaki kwenye mikono ya CAMARTEC kisheria, na huenda ndiyo kazi yake yenye thamani kubwa zaidi kwa miaka ijayo. Kila msimu yanaingia matrekta, pampu za jua, mashine za kupura na za kukata majani kutoka nchi nyingi, na matangazo yake yote yanasema ni imara. Mkulima wa Manyara anayekopa ili anunue hana njia ya kujua. Ripoti fupi ya Kiswahili, iliyobandikwa dukani na kwenye ofisi ya kata, ikisema mashine hii ililima eka ngapi kwenye udongo wa mfinyanzi, ilikunywa lita ngapi, na kipuri gani kilikatika kwanza, ingemfaa zaidi ya maonyesho kumi. Vifaa vya kupimia havihitaji kuwa vya ajabu: shamba, saa, chombo cha kupimia mafuta, na mhandisi mwenye mamlaka ya kusema hapana.

Kwa upande wa biogesi, hatua ya kwanza ni ya bei nafuu kuliko kujenga. Ni kurudi kwenye yale maelfu ya makuba yaliyokwishajengwa, kuyafungua moja baada ya jingine, kubadilisha vali na mabomba, na kuandika lipi limepasuka na lipi lina njaa tu ya samadi. Waashi waliofundishwa baada ya 2009 wengi bado wana nguvu, na simu zao zinajulikana vijijini mwao. Waliofundishwa miaka ya 1980 wanastaafu. Wakati wa kuwaoanisha wazee hao na vijana, shimo kwa shimo, ni sasa, kabla mkono unaojua kusugua plasta ya gesi haujaacha kazi.